Punda Juu ya Tembe

Jumatatu, 1 Machi 1909, Mpwapwa

Kazi mpya bomani. Bwana Shauri, Mdachi anayeamua kesi, kaniondoa kwenye ukarani wa kodi — nimtafutie maana ya ndani ya shairi! Shairi ni la Mzee Hamidi, baba yake Mwantum. Mwantum ninayemuoa mwezi wa Maulidi. Mzee yuko mahabusu tangu jana. Alighani harusini habari za punda, mtu akapeleka maneno bomani:

Kapanda juu ya tembe, atafuna tulovuna.

Bwana Shauri auliza: punda huyo ni nani, aliyekaa juu yao, anakula mavuno yao? Jibu linatakiwa Ijumaa. Punda akiwa Serikali, Mzee atalazwa chini apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Punda akiwa punda, anarudi nyumbani.

Nimefurahi mno. Punda namjua! Ni wa Matonya, yule Mgogo wa mlimani. Tembe lake, nyumba ya paa bapa la udongo, limechimbwa kwenye mteremko, paa kwa nyuma linagusa ardhi, basi punda anapanda kula uwele ulioanikwa. Mji mzima umemwona.

Jumanne, 2 Machi

Nimempelekea Mzee uji. Nikampa shikamoo, nikamwomba aseme tu kwamba punda ni punda. Aliweka bakuli chini.

"Miaka yote hii natunga, leo mkwe wangu ananiambia nimetunga punda?"

Basi ana maana gani? Hasemi. Mtunzi hafumbui fumbo lake mwenyewe. Hungoja mwingine amjibu kwa shairi, ndipo akubali au akatae. Ndiyo desturi. Nikanong'ona: ni Serikali? Akacheka. Serikali ni jambo dogo, hafungui kinywa kwa jambo dogo.

Nahofia hata yeye hajui.

Jumatano, 3 Machi

Mwantum kamtuma shangazi yake, Bi Stara, aniambie. Baba akipigwa, hakuna harusi. Baba akitangazwa kuwa alitunga punda mtupu — vilevile hakuna.

Kwa hiyo punda asiwe Serikali, wala asiwe punda!

Nimesoma kutwa. Asubuhi niliona punda tu. Baada ya alasiri nikajiuliza: mbona kwenye shairi hana mwenyewe? Mbona hashibi? Mbona yuko juu, mahali asipostahili?

Ni nafsi! Nafsi ya mtu, yenye tamaa, imempanda kichwani. Kila ubeti unakubali. Shuleni Tanga nilifundishwa kusoma amri, na amri ikisema leta kuni, ni kuni. Sikujua kwamba maneno yana chumba kingine ndani.

Sasa hakuna kinachotulia. Ukanda wa kiatu umekatika, nikakaa chini nikitafuta maana yake. Umekatika tu. Nadhani.

Alhamisi, 4 Machi

Nilimweleza Mzee. Machozi yakamtoka. Akasema ndicho alichokusudia. Simwamini, lakini nami nililia.

Akadai jibu la shairi. Nimetunga:

Huyo punda ni nafusi, mpotovu ni mchunga.

Mchunga ni akili, inayoiacha nafsi izurure. Mzee asema limelishinda lake. Sijawahi kufurahi hivi.

Ijumaa, 5 Machi

Matonya aliagizwa amlete punda, awe shahidi. Bwana Shauri alimzunguka, akamtazama tumbo, akamtazama pua, akaandika. Matonya aliniuliza pole pole kama punda atatiwa mnyororo.

Nikaeleza habari ya nafsi. Bwana Shauri alielewa! Akasema Mzee aende zake.

Hapo ningenyamaza. Nani alinituma? Nikaghani ubeti wangu.

Akataka nirudie. Akaandika. Akauliza, nafsi ya nani? Nikasema ya watu wote, Bwana. Akaweka kalamu chini. Basi mchunga wa watu wote wa Mpwapwa, huyo mpotovu, ni nani?

Akili, Bwana.

Akili ya nani?

Sasa niko mahabusu: kaona mchunga ni yeye. Karatasi wameniachia, karani ni karani. Mzee Hamidi amekataa kwenda nyumbani. Kakaa nami mkekani, uso umemng'aa. Nimemwambia nikiitwa nitasema mchunga ni Matonya, punda ni punda, yaishe. Naogopa kiboko, sifichi.

Kanishika mkono.

"Ukifumbua mwenyewe, mwanangu, Mwantum humuoi."

Askari yuko mlangoni. Anaita jina langu —