Flashi Niliyoivaa Shingoni

Etobicoke, Toronto
Mwezi wa pili

Mdogo wangu Zuhura,

Pokea salamu zangu, nyingi kama chumvi wanayomwaga barabarani huku ili barafu isituangushe. Goti lako linaendeleaje? Na mumeo, shemeji Mbaruku, bado anakoroma mpaka kuku wanahama banda? Mimi mzima, kifua tu ndiyo kinabana. Baridi ya mwaka huu usiombe. Juzi nasubiri basi, nikapiga chafya, ikaganda hewani, jamaa mbele yangu akainama kuikwepa. Usibishe, wewe hukuwepo.

Kazini bado mimi ndiye kinara. Jengo la ghorofa ishirini na mbili napiga deki, vijana wananipisha njia.

Sasa kaa chini, Zuhura, maana leo nina habari mbaya.

Ile flashi uliyompa mama Saidi aniletee, yenye video ya Mama akizungumza na mimi ile wiki yake ya mwisho, imeharibika. Na wewe uliniambia kwenye simu yako umeshaifuta kwa sababu memori ilijaa. Kwa hiyo ilikuwa hiyo moja tu duniani.

Najua utauliza, kaka, si ulisema umeiangalia? Ndiyo, nilikwambia nimeiangalia mara tatu, nikalia mpaka jirani akagonga ukuta. Nilidanganya. Sikuiangalia hata mara moja. Niliifunga uzi nikaivaa shingoni kama hirizi, miezi minane. Wenzangu kazini nawatambia, "Nyinyi mama zenu wako mbali, wangu huyu hapa kifuani." Lakini kuichomeka niliogopa. Kila mwaka nilimwambia nakuja Idi, na hata kumzika sikuja. Ningemtazamaje?

Jumapili iliyopita nikajikaza, nikaichomeka kwenye kompyuta. Kikatokea kidirisha kina maneno ya Kiingereza na vitufe viwili. Unajua mimi shule niliitoroka darasa la pili. Nikabonyeza yesi. Huku ndivyo ninavyoishi, Zuhura. Msimamizi akiniuliza kitu, yesi. Afisa wa uhamiaji, yesi. Daktari, yesi. Miaka yote hii yesi ndiyo imeniweka mjini. Kumbe kompyuta ilikuwa inaniuliza kama ifute kila kitu.

Nikampelekea mama mmoja Mkongo, ana kiduka cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na kituo cha basi. Akaigeuza, akaichungulia.

"Papa, hii kitu imekunywa jasho. Ulioga nayo?"

"Niliivaa."

"Flashi haivaliwi, papa, si cheni. Na ilipokuuliza ifute, ulijibu nini?"

"Yesi."

Akanitazama. "Na mtu akija na kisu, akuulize akuchinje?"

"Kwa Kiingereza? Yesi."

Akacheka mpaka akashika meza, na mimi nikacheka.

Akanieleza kwamba kitu kikifutwa hakipotei saa ileile, ana programu ya kukiokota kipande kipande. Akasema nirudi baada ya siku tatu. Siku tatu hizo, Zuhura, sikumtania mtu, mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu yesi, na safari hiyo ilikuwa kweli.

Niliporudi, vitu vimerudi vina namba badala ya majina. Picha za harusi ya mwanao Rehema ulizoweka humo zimerudi zote. Shemeji Mbaruku karudi mzima, mdomo umejaa pilau, picha kumi na nne, hakuna hata moja iliyopata mkwaruzo! Mama karudi sekunde nne. Amekaa kitandani, mto mgongoni. Sauti yako inasema, "Zungumza, Mama, kaka atakuona." Anaweka mtandio sawa, anatazama mbele, anafungua mdomo. Hapo inakatika.

Yule mama wa kiduka akajaribu tena, na tena. Mwisho akasema, "Papa, zaidi ya hapa hakuna. Pole sana."

Hizo sekunde nne nimeziangalia, sidanganyi, sijui mara ngapi. Namwona anafungua mdomo tu.

Wewe ndiye uliyeshika simu siku ile. Uliyasikia yote. Niandikie alichosema, kama alivyokisema. Kama alinigombeza, usipunguze. Kama aliuliza kwa nini siji, andika aliuliza mara ngapi. Na usinitungie maneno matamu. Kwa uongo mimi ndiye fundi wa ukoo mzima, nitakukamata.

Nisalimie mama mdogo Tatu, ambaye najua ndiye aliyemwosha Mama kwa niaba yetu sote. Nisalimie Rehema, mwambie kwenye harusi yake alipendeza. Mjomba Kombo, aliyechimba kaburi ambalo ningechimba mimi, mpe mkono wangu. Shemeji mwambie picha zake ninazo, zote.

Usinipigie simu kuniambia, Zuhura. Kwenye simu nitakuchekesha ili usifike mwisho. Andika.

Ni mimi kaka yako,
Hamisi