Nyimbo za Maureen kwenye albamu ya pili
Trevor, uliangalia viatu vyako. Nilikuona.

Nigel anasimama mbele ya duka zima la santuri hapa Leeds na kusema albamu yetu ya pili aliitunga peke yake. Peke yake! Mtu ambaye hata nyuzi za gitaa nilikuwa namkazia mimi.

Maureen, mpiga kinanda wetu aliyetunga nyimbo zote tisa, akamuuliza, "Na mimi je, Nigel?"

"Wewe mrembo, si ulitupikia chai?"

Chai, Trevor. Na watu wakacheka.

Kesho jalada jipya linachapwa bila jina lake. Santuri yako ya 1981 unayo. Pale katikati fundi alikwaruza kwa sindano: "Zote za Maureen." Ipige picha, umtumie mchapaji sasa hivi.