Mama Bwire na Masanduku Yetu ya Huduma ya Kwanza

Ijumaa, Kigera, Musoma.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ikakatika wakati tuko njiani tunarudi kutoka Bunda. Nimeoga, nimekunywa chai ya maziwa, nimejikunja kwenye kochi na simu mkononi. Mwili umechoka lakini moyo ni mwepesi, na sijawa hivi kwa wiki tatu.

Ngoja niandike yote, hata yale yanayonitia aibu.

Mimi ni karani kwenye kiwanda kidogo cha samaki hapa Musoma. Tunanunua sangara na sato, akina mama wanakata minofu, tunagandisha na kuuza. Tuna tawi kule Nyasura, Bunda, ambako samaki wanakaangwa kwa ajili ya hoteli na mashule. Moja ya kazi zangu ni kukagua sanduku la huduma ya kwanza kila mwezi, halafu nasaini fomu.

Nilikuwaga nasaini bila kulifungua.

Wiki tatu zilizopita Mafuru, baba wa watoto wanne ambaye ndiye anatunolea visu, aliteleza kwenye sakafu yenye maji akajikata kiganja. Damu iliruka hadi kwenye vigae vya ukutani. Watu wakakimbilia sanduku. Lina kufuli, na ufunguo alikuwa nao msimamizi wa zamu, ambaye siku hiyo alikuwa msibani Butiama. Wakalivunja. Ndani kulikuwa na karatasi tupu za vidonge vya maumivu, mkasi wenye kutu, chupa ya spiriti iliyokauka na bandeji moja iliyogeuka rangi ya chai. Na fomu yangu, imebandikwa vizuri kwenye mlango wake. Saini ya wiki ile ile.

Nilisimama pale kama mti. Sikuweza hata kupiga simu.

Aliyesogea ni Mama Bwire. Ni mkata minofu wa siku nyingi, mama wa miaka hamsini na kitu kutoka vijiji vya wavuvi kule kwenye rasi, mpole, sauti yake unaisikia zaidi kwenye kwaya ya Jumapili kuliko kazini. Alichukua taulo safi kwenye kabati la sare, akalikunja, akamkalisha Mafuru chini, akamwinua mkono na kukandamiza kidonda kwa nguvu zake zote. Taulo lilipolowa hakulitoa. Aliomba la pili akaliweka juu yake.

"Usiangalie mkono, niangalie mimi," alimwambia. "Watoto wako wanaitwa nani? Nitajie mmoja mmoja."

Mafuru akaanza kutaja huku meno yanagongana. Alipofika kwa mtoto wa tatu, gari lilikuwa limeshawashwa.

Hospitalini walimshona. Daktari alisema mshipa wa kidole umeguswa, ila akifanya mazoezi mkono utarudi kufanya kazi. Aliuliza ni nani aliyekandamiza kile kidonda, maana alifanya vizuri sana.

Kesho yake meneja aliniita. "Esta, tafuta masanduku mapya. Yanayofaa."

Nikaenda madukani Iringo, na pale nikapenda begi moja jekundu, kubwa, mifuko kila upande, vitu ndani vingi mpaka vingine sivijui. Nikapiga picha. Nakiri kwamba nilitaka kitu cha kuonekana, kitu ambacho meneja akikiona atasahau lile la zamani. Nikamwonyesha Mama Bwire picha wakati wa chai, nikitegemea atanisifu.

Aliitazama. "Zuri. Humu ndani kuna nini cha mtu anayekata samaki?"

Nikaanza kumhesabia mifuko.

"Chukua kalamu, mwanangu. Tutembee."

Tukatembea kiwanda kizima, na mimi ninayekijua kwa karatasi nikakiona kwa mara ya kwanza. Kwenye meza za kukatia akaniambia niandike bandeji nene za kukandamiza, glovu nyingi, kibanio cha kutolea miba, na plasta za bluu. Kwa nini bluu? "Ikidondoka kwenye mnofu, inaonekana. Ya rangi ya ngozi atakuja kuila mtu." Tunapochanganyia klorini ya kuoshea meza, akataka chupa ya maji safi ya kuoshea macho, iwekwe pale pale. "Mtu mwenye klorini jichoni hawezi kutafuta njia ya kwenda ofisini kwako."

Kwa ajili ya Nyasura alitaka vitu vya mtu aliyeungua, hasa vile vitambaa visivyogandia kwenye kidonda. Kwa ajili ya gari linalopeleka samaki, mfuko mdogo usioingia vumbi. Vidonge akavikataa kabisa, kwa sababu hatujui nani ana ugonjwa gani. Na kufuli akalikataa kwa kutikisa kichwa tu.

Nilimuuliza amejifunzia wapi haya yote. Akasema zamani alikuwa mpishi wa shule moja huko Butiama, na nesi wa zahanati ya jirani aliwafundisha wapishi kwa siku tatu. Siku tatu tu! Na yeye akazishika kwa miaka yote hii, akawa anazirudia kichwani huku anakata samaki.

Halafu akasema, bila hasira yoyote, "Lile sanduku nililisemeaga mara mbili kwa msimamizi. Niliambiwa karani analikagua kila mwezi."

Pale ndipo nilipomwambia. Kwamba sikuwahi kulifungua. Kwamba kila nikikumbuka ile damu naona mwandiko wangu. Nililia mbele ya akina mama wote na eproni zao.

"Nilijua," alisema. "Iandike sasa ile chupa ya macho, usije ukasahau."

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa meneja nikasema ukweli. Nilipewa onyo la maandishi, na nilistahili. Jioni nikaenda nyumbani kwa Mafuru. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake umefungwa na kuning'inizwa shingoni. Nikafikiri atanifukuza.

"Hilo sanduku jipya litakuwa na kufuli?"

"Halitakuwa nalo."

"Basi, dada. Kaa unywe chai."

Leo tulipeleka sanduku la Nyasura, mimi na Mama Bwire. Meneja amemweka yeye kuwa msimamizi wa huduma ya kwanza, na kila zamu itakuwa na watu wawili atakaowafundisha. Mimi niliomba niwe wa kwanza kufundishwa, na wiki hii ameanza kunifundisha ya kuungua.

Sikujua mtihani uko karibu hivyo. Tulikuwa tunalifunga sanduku ukutani, mbali kidogo na majiko, niliposikia kelele. Mafuta yalikuwa yamemrukia Wegesa, mmoja wa wapishi, kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Mwenzake akaja mbio na dawa ya meno.

"Usimpake!" Ilikuwa sauti yangu.

Nilimshika Wegesa ule mkono usioungua nikampeleka kwenye bomba. Nikamvua bangili kabla hajavimba, nikafungulia maji yatiririke taratibu, nikawasha saa ya simu. Dakika ishirini. Hamjui dakika ishirini ni ndefu kiasi gani mtu analia pembeni yako. Kila baada ya muda nilitamani kufanya kitu kingine, kulikimbilia sanduku, kufungua kila pakiti. Nilimtazama Mama Bwire. Alikuwa amesimama palepale na bisibisi mkononi, ananiangalia, na hakusogea hata hatua moja.

Aliniachia mimi.

Maji yalipotimiza muda wake nikafunika kwa kile kitambaa kisichogandia, tukampeleka zahanati. Nesi amesema ngozi itapona. Wegesa ametupungia kwa mkono mzima tulipokuwa tunaondoka.

Kwenye gari Mama Bwire alisema jambo moja tu: "Ulisahau kuvaa glovu." Kisha akalala usingizi mpaka Musoma, kichwa kimeegemea dirisha lenye mvua, na mimi nikawa namtazama kama vile nimekutana naye leo.

Miaka sita nimepita nyuma ya kiti chake nikienda ofisini, na salamu yangu iliishia kwenye "shikamoo". Je, wale wengine kumi na wanne kwenye zile meza wanajua nini ambacho sijawahi kuwauliza?

Jumatatu nitaenda mapema, nitaanza na meza ya mlangoni.