Kwa Mwalimu Vizibo: Habari za Kitindamimba Wako Darasani

Mama, leo mwaka umetimia tangu ulale pale wodini na usiamke. Majirani wameshaacha kutupa pole. Sisi bado tunatoa kikombe kimoja zaidi wakati wa chai, kisha tunakirudisha kabatini kimyakimya, kila mmoja akijifanya hakuona.

Miaka thelathini na moja ulifundisha darasa la kwanza. Watoto walikuita Mwalimu Vizibo kwa ajili ya lile debe lako la vizibo vya soda. Uliviosha kimoja kimoja, na Kaka Seremala akavigonga kingo kwa nyundo ili visikate vidole vya mtu. Kujumlisha na kutoa kukaingia vichwani bila fimbo.

Herufi uliwafundisha kwa kuchorana mgongoni. Mmoja anachora kwa kidole, mwenzake anabahatisha, na darasa zima linatekenyeka kwa kicheko. Uwanja uliupima kwa hatua za mtoto mfupi kuliko wote, ili naye siku moja awe kipimo cha wenzake. Aliyechelewa ulimsimamisha mbele asimulie alichokiona njiani. Baba alikuonya kwamba watazidi kuchelewa. Kweli, wawili walizidi, na hao ndio waliotokea kuwa wasimuliaji hodari.

Lakini leo tunataka kukupa habari za Kitindamimba wako, maana ndiye uliyemwacha njia panda.

Barua yake ya ajira ilifika siku kumi na sita baada ya kukuzika. Ulikuwa umemwahidi: "Siku yako ya kwanza nitakaa dawati la nyuma kabisa. Ukikwama, nitazame." Basi siku ile alisimama mbele ya watoto hamsini na wanane, akatazama dawati la nyuma. Walikuwepo mapacha wakigombania kifutio. Aligeuka akaandika tarehe ubaoni, akaifuta, akaiandika tena ile ile.

Alikuwa akirudi nyumbani na mabega juu, kama mtu anayesubiri kupigwa. Chakula hakikupita.

"Kula basi," Dada Muuguzi alimwambia.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Chaki?"

Alicheka kidogo, kisha akauliza kama tuliona njia yoyote ya kumfundisha mtoto maana ya kumi na tatu bila kumkaririsha. Tukatazamana. Aliyejua hilo ni wewe.

Debe lako ulikuwa umeiachia shule yako ya zamani. Kitindamimba hakuwa na vizibo vya kuwatosha watoto wote, akaona atumie maharagwe makavu. Kila mtoto alipewa kumi na tano. Mama, alitueleza kwamba siku ile ndiyo ya kwanza darasa lilimjibu kwa sauti moja. Alirudi akala sahani mbili.

Kumbe kuna binti mmoja, mdogo, mkimya, aliyesukuma haragwe moja puani na kunyamaza. Siku ya pili pua ikavimba. Siku ya tatu mama yake, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya shule, akasikia harufu. Zahanati wakalitoa kwa koleo dogo, limeshaanza kuchipua.

Mwalimu mkuu alimwita ofisini, mlango wazi, walimu wengine wakisikia.

"Nani alikutuma ulete maharagwe darasani?"

"Nilitaka wahesabu kwa mikono, mwalimu."

"Wahesabu ubaoni. Na mkaguzi anakuja wiki mbili zijazo. Sitaki sarakasi."

Kuanzia hapo alifundisha kwa woga. Watoto walikaririshwa, wakaitikia kama wanaosukumwa. Kila mtoto aliyegusa pua, yeye alimkimbilia. Akawa anawakagua pua mstari kwa mstari kabla ya kuwaruhusu kwenda nyumbani. Alianza kuhisi kwamba mikono yake ni hatari, kwamba chochote atakachowapa watoto kitageuka kuwa ajali. Jumamosi moja asubuhi akaketi pale kwenye meza yako akaandika barua ya kuacha kazi. Baba alipita nyuma yake akaisoma yote bila haya.

"Una uhakika?" Baba alimwuliza.

"Mimi si Mama. Mama hakuogopa kitu."

Baba alivuta kiti.

"Mama yako," alisema, "kila siku ya kufungua shule alikuwa anatapika. Miaka yote thelathini na moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia beseni."

"Uongo, Baba."

"Mwaka wake wa pili aliwatoa nje kupima uwanja. Wakarudi, mmoja hayupo. Saa nzima shule ilimtafuta. Walimkuta amelala stoo, juu ya magunia. Usiku ule mama yako aliniambia harudi tena."

"Sasa kwa nini alirudi?"

"Alikwenda kwanza kumwomba radhi mzazi. Alisema hawezi kuwatazama watoto kabla ya kumtazama yule mama."

Mama, sisi wengine pia hatukulijua hilo. Tusamehe kwamba Baba amelitoa. Alilifunga mpaka lilipohitajika.

Kitindamimba alikwenda siku hiyo hiyo. Alizunguka kibanda cha fundi mara mbili kabla ya kubisha hodi. Fundi aliendelea kukanyaga cherehani bila kuinua uso.

"Mimi ndiye mwalimu wa—"

"Nakujua. Wewe ni wa maharagwe."

"Nimekuja kuomba radhi. Nilipaswa kuwaangalia. Sikuwaangalia vya kutosha."

Cherehani ikanyamaza. Fundi akamtazama.

"Nilikasirika. Bado nimekasirika," alisema. "Siku tatu mwanangu anaumwa na mimi namfokea kwamba hanawi uso. Lakini tangu wiki ile ananihesabia vifungo. Awali alikuwa hatamki hata moja. Sasa nani amkaririshe kama kasuku tena? Wewe?"

Fundi aliinama chini ya meza akavuta mfuko wa vibiringo vya plastiki, vile vinavyobaki uzi ukiisha. Akamsukumia mfuko mzima.

"Chukua. Hivi haviingii puani, labda pua ya tembo."

Jioni ile meza yetu ilijaa vibiringo. Kaka Seremala alikata kamba, shangazi, wifi yako, akatunga kumi kumi, Dada Muuguzi akajaribu kila kimoja kwenye pua yake mwenyewe ili tupate uhakika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke nyumba hii kucheka mpaka ikachoka.

Usidhani hofu ilimwisha. Siku ya mkaguzi alivaa viatu viwili tofauti na hakujua mpaka mtoto alipomwambia. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni, uso kama mlango uliofungwa. Kitindamimba alizigawa kamba na vibiringo vilivyobaki, akauliza kumi na tatu ni ngapi na ngapi.

Kisha yule binti wa fundi, ambaye wenzake sasa wanamwita Bibi Haragwe na yeye anajivunia, akanyanyua kamba yake juu.

"Ni kamba nzima na vitatu pembeni!"

"Hata sita na saba!" mwingine akadakia. Darasa likalipuka, kila mmoja na jibu lake, na mengi yalikuwa sahihi.

Mkaguzi aliandika sentensi mbili tu kwenye daftari la wageni: "Darasa lina kelele. Watoto wanajua hesabu." Mwalimu mkuu alizisoma, akakohoa, akamwuliza Kitindamimba kama fundi anavyo vibiringo vya darasa la pili.

Ile barua aliichana mwenyewe. Hakutuambia, tuliona vipande kwenye pipa.

Mwaka huu wote hajafika kaburini. Alisema hana la kukueleza ila aibu. Leo jioni tunakuja sote, na ametuomba tumwache aongee nawe peke yake. Tutasubiri getini, hata giza likiingia.

Tunakukumbuka: mumeo, Kaka Seremala na mkewe, Dada Muuguzi, Kitindamimba wako, wifi yako aliyekuuguza, wajukuu watano, na wote uliowachorea herufi mgongoni, popote walipo.

Hatutakusahau, Mama, siku zote tutakazojaliwa.