Mawese Kooni mwa Bijou

Jumanne, 8 Oktoba 2024

Bijou anakohoa tangu asubuhi. Ananyoosha shingo, anakwaruza koo kama anataka kutapika—halafu hakuna kitu. Kambwa kadogo hivi, kanaenea ndani ya kofia! Mama alimtazama mara moja tu, akasema: «Balimutilia sumu.» Nikauliza nani atamtilia sumu mtoto wa mbwa. «We, haujue bantu ba huku Baraka!» Akaleta chupa ya mawese. Nilimpanua taya, Mama akamimina. Bijou alipiga miguu. Mafuta yakatokea puani, mekundu. Nilidhani ni damu.

Mama ametulia. Nilipokunywa petroli nikiwa mdogo, ni mawese yaliyoniokoa. Anamsimulia kila mgeni.

Jumatano, 9 Oktoba

Hawezi kulala. Akijilaza anakosa pumzi, basi anakaa tu, miguu ya mbele imetanuka, mbavu zinaingia ndani. Nikiweka sikio kifuani nasikia kama sufuria inayoanza kuchemka. Vanessa, jirani yetu, alichungulia: «Dada, hiyo imbwa inavuta pumzi kama motere ya mutumbwi!» Akacheka.

Jioni mawese tena. Nilishika tena. Kwa nini nilishika?

Alhamisi, 10 Oktoba

Ufizi umekuwa wa kijivu. Nimempigia Darius, daktari wa mifugo. Yuko Lusenda, anachanja mbuzi. Akauliza tumempa nini. Nikamwambia. Akasema: «Dada, hayo mafuta iliingia mu mapafu. Musimupe tena kitu kwa nguvu, hata maji! Mumutoshe mu moshi ya jikoni. Ninakuya na pikipiki.»

Basi ni sisi. Labda siku ya kwanza kilikuwa kikohozi tu.

Nimemtoa jikoni, nimemhamishia chumbani kwangu, dirisha wazi. Anahema kinywa wazi, ulimi umebadilika rangi. Kila pikipiki inayopita barabarani, nasimama. Inapita.

Mama sijamwambia. Nitaanzia wapi? Mbele yake mimi ndiye ushahidi kwamba mawese yanaponya.

Jikoni kijiko kinagonga chupa. Bijou amesikia—ameficha kichwa kwapani mwangu, na huko anakohoa.

Mama yuko mlangoni.

«Fungua, mutoto wangu. Iko dawa.»

Ninasema amelala. Mama anamsikia anavyokoroma. «Amelala wapi? Anakufa! Fungua!» Analia sasa, Mama yangu.

Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili uko juu ya mbavu zake. Mguu nimeukaza kwenye mlango, na Mama anasukuma—