Ochieng' na Mama Mkwe Aliyetoka Jela

Basi, hapo ndio nilikuwa nimefika jana, kabla jirani, Min Atieno, hajakuja kuomba chumvi akakaa mpaka nikasahau kalamu. Nilikuwa nasema Ochieng' alitoka kwa hiyo nyumba mbio kama mtu ameona nyoka chini ya kiti.

Leo ni Alhamisi, bado niko Homa Bay. Asubuhi mvua ilipiga kidogo, sasa jua, ziwa inang'aa huko chini. Na mimi roho imetulia kama mtu ameshusha mtungi kichwani.

Naandika Kiswahili kama mwalimu wa ngumbaru, ile shule ya watu wazima, alitufundisha. Nikiandika Dholuo, mke mwenzangu atasoma.

Ochieng' ni mtoto wa ndugu ya bwana yangu, kwa hivyo ni wangu. Ako Nairobi kwa chuo kikuu, na juzi tu ndio ameanza kufundisha. Anafundisha mambo ya wezi, na polisi, na korti, na jela. Mimi kule kwetu Migori niliwaambia watu wa soko kijana wetu anafundisha wizi. Mmoja akaniuliza kama anachukua watu wazima.

Lakini hiyo kazi wamempa ya kujaribiwa. Mkubwa wake alimwambia aende kwao, alete maneno ya watu waliofungwa. Wakitoka jela, nyumbani wanapokelewa aje? Akirudi mikono mitupu, nafasi anapewa mwingine. Na bibi yake ako na mimba. Kijana alikuwa halali usingizi, hali chakula.

Migori tulizunguka bure. Alivaa kaptula ya kaki imepigwa pasi, soksi mpaka goti, kalamu mbili mfukoni. Nikamwambia nyathina, mtoto wangu, wewe ni serikali mzima. Hakusikia. Kwa mnada wa ng'ombe watu wakimwona wanakumbuka mambo ya haraka huko mbali. Mzee mmoja tu alimjibu. Alisema, "Unauliza nani alikula ng'ombe ya nani. Ukishajua, hiyo habari unaipeleka wapi?"

Ndio nikakumbuka Nyar Karungu.

Huyu binti wa Karungu tulikua pamoja kule, tukaoga ziwa moja. Mimi nikaolewa Migori, yeye akaolewa hapa Homa Bay, anauza ngege, wale samaki wa ziwa, sokoni. Alifungwa kwa sababu ya pombe ya chang'aa, na hafichi. Nikamwambia nitakuletea kijana wa chuo, akasema mlete, nitapika chai.

Sasa dada yake mkubwa ndiye alizaa bibi ya Ochieng'. Hiyo ni kusema kwa Ochieng' yeye ni maro, mama mkwe, sawa na yule aliyezaa. Na mkwe haketi kwa nyumba ya maro wake. Hamwangalii macho. Habari ya aibu yake, hiyo hata usitaje. Mimi nilijua haya yote. Lakini nilifikiri mtu amesoma hivyo, ana miwani, hiyo heshima ya zamani ilimwisha.

Haikumwisha.

Nyar Karungu aliingia na birika, akamwangalia, akamkumbuka kutoka harusini. Birika chini. Akajifunika uso na leso, akapita mlango wa nyuma. Ochieng' akapita mlango wa mbele. Nikabaki peke yangu na chai inatembea sakafuni.

Nilimpata kando ya barabara, ameketi juu ya jiwe kama mtu amehukumiwa. Akasema imeisha, kesho anarudi Nairobi kutafuta kazi ya karani. Mimi nikaona huruma, na haya pia, maana ni mimi nilimleta.

Nikarudi kwa Nyar Karungu. Nikamwambia, na ukikaa ndani ya jiko, yeye akae nje nyuma ya ukuta, mimi niwe mlangoni? Uso hauonekani, kiti chake tunaazima kwa jirani, si chako. Akafikiri sana. Akasema basi, jaribu.

Ochieng' akaanza na maneno ya kitabu. Akaniambia nimuulize jamii ilimpokea namna gani baada ya kifungo. Nikauliza. Nyar Karungu akasema, mwambie vizuri tu. Na jela? Vizuri tu. Na bwana yako? Mwambie vizuri tu. Sasa mama mkwe atasema nini kingine, na mkwe anasikia?

Nikaacha maswali. Nikachukua kisu, nikaingia kumsaidia kupara samaki, nikaanza zangu za Migori, nani ameachwa, nani amenunua baiskeli kwa pesa ya nani. Akacheka. Akatoa zake. Na hapo katikati, bila mtu kumuuliza, akaanza mwenyewe. Sakafu ya baridi. Uji ya maji. Blanketi moja. Hayo aliyasema haraka, kama mtu anaeleza safari. Halafu akafika kwa kurudi. Alisema akiweka beseni yake sokoni, wenzake wanasongeza zao mbali. Hawamtukani, wanasalimia vizuri. Lakini kando yake pale hakuna mtu anaketi. Kanisani pia, benchi inabaki wazi.

"Serikali ilinifunga ikaniachilia," akasema. "Hawa wenzangu wa soko, sijui watanifungua lini."

Kisu changu kikasimama.

Ndio Ochieng' akasema mwenyewe, kupitia ukuta, sauti chini sana, "Mama, naomba niwasomee wanafunzi hayo."

Mkwe ameongea na maro moja kwa moja. Na akikataa, kazi imeenda. Nyar Karungu akaweka samaki chini. Aliniangalia mimi.

"Muulize ataweka jina yangu?"

Hataweka, nikasema, hata sijauliza.

"Basi aseme ni mama mkwe wa mtu. Kila mtu ana mmoja."

Tukacheka sisi watatu, na ukuta katikati.

Naungama hapa: nilimwahidi Nyar Karungu sitapeleka hayo maneno sokoni, na ulimi unaniwasha. Jana nilienda naye sokoni, nikaketi pale kando yake palipokuwa wazi. Mimi ni mnene, nafasi yote ikajaa. Walituangalia. Nikawaangalia pia. Mmoja akaniomba ugoro.

Na leo asubuhi Ochieng' alienda posta kupiga simu Nairobi. Simu yenyewe ni ya kupiga kelele, kwa hivyo laini yote ya watu ilisikia. Mkubwa wake amesema alete hayo maneno, na muhula mpya arudi darasani kufundisha. Amebaki! Mimi, mimi mwenyewe, nikaambiwa na mwanamke wa kuuza nyanya. Hiyo inaniuma kidogo.

Ameamua hiyo kaki haitavaliwa tena. Anasema pia swali lake la kwanza kwa wanafunzi litakuwa nani anaketi kando ya huyu mtu akirudi. Sijui kama ni swali la chuo. Mimi najua ni swali la soko. Je, nikirudi Migori, nani ataketi pale kando ya Nyar Karungu?

Nyar Karungu ananiita kutoka jiko. Kuku imeiva, ameifunga kwa majani, basi ya kumrudisha mkwe Nairobi inapiga honi huko juu, na hawezi kumpa kwa mkono wake mwenyewe, lazima nimpelekee mimi. Anaita tena.

Nakuja, mama, nakuja.