Koti Analoliulizia Mjane

Jumatatu, 3 Juni
Mjane wa swahiba yake baba amepiga simu. Miaka ishirini na saba hawajasemezana! Ameuliza jambo moja tu: lile koti la ngozi bado lipo? Atakuja Jumapili kulichukua. Baba akasema lipo.
Halipo. Marehemu mama alilichoma uani. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama mlangoni, naona moshi mzito ukikataa kupanda.

Jumanne, 4 Juni
Niandike, maana humu ndani halitajwi. Baba na swahiba yake walikuwa marubani wa ndege ndogo. Siku ile zamu ilikuwa ya baba. Akamwomba mwenzake amshikie, yeye aende kutazama kiwanja cha kujenga nyumba. Kulikuwa na baridi, akamwazima na koti. Ndege ikaangukia ziwani.
Orodha ya zamu ilikuwa na jina la baba. Lilipoopolewa koti tu, ndani ya kola jina ni la baba. Basi wakubwa wa kazini wakaja kwetu nalo. Kutwa nzima mama alikuwa mjane, na mke wa swahiba ndiye aliyemshika mabega. Jioni baba akaingia kwa miguu yake. Mama alipiga kelele za furaha mbele ya yule mwanamke. Nani angejizuia? Yule mwanamke akamtazama baba, akalitazama koti. Akakaa chini.
Koti likabaki kwetu. Hakuna aliyefikiria kumpa.

Alhamisi, 6 Juni
Makoti matatu yako kitandani kwa baba. Yote ni ya kuigiza, yameshonwa juzijuzi kwa mtindo wa marubani wa zamani. Baba ananiambia nichague kwa jicho langu la fundi cherehani.
La kwanza, ngozi ya farasi. Mshono wa kubana, safi. Halitachakaa hata wajukuu wakalirithi. Lakini gumu kama mbao! Ukikaa, kola inakukaba.
La pili, ngozi ya kondoo. Laini, linakukumbatia. Nikapitisha kitambaa chenye maji — rangi ikatoka. Bitana yake ni ya nailoni, nililivaa dakika kumi nikalowa jasho.
La tatu, ngozi ya mbuzi. Zito, ila uzito wote unatua mabegani, hulisikii. Kwapa zimekatwa kwa nafasi, mikono inakwenda mbele bila mgongo kuvutwa. Baba akalivaa, akanyoosha mikono kama ameshika usukani. Akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka nikaogopa.
"Hili," akasema.

Jumamosi, 8 Juni
Baba amesugua viwiko kwa msasa. Amepaka mafuta, ameanika juani, amelikunja na kulikunjua mara mia. Mzee ana mikono hodari bado. Mimi kazi yangu jina. Nimelidarizi ndani ya kola kwa uzi mkuukuu, nikajichoma sindano mara mbili.
Nikamuuliza kwa nini tusimwambie ukweli. Hakuinua kichwa.
"Mwanangu, nimwambie hata koti tulimchomea?"
Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yetu ni ya siku moja.

Jumapili, 9 Juni
Amefika saa nne. Mwembamba, nywele nyeupe tupu, heshima tele. Akatupa pole ya mama, miaka sita imechelewa. Hakugusa chai. Baba akampa koti kwa mikono miwili.
Akalivaa papo hapo! Limemkaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Akajipapasa mikono, akainusa kola, akasema halimwelemei, ataweza kulivaa kila siku. Nikaona mabega ya baba yakishuka. Nami nikapumua.
Kisha vidole vyake vikatua kwenye zipu. Akaipandisha kidogo, akaishusha. Akasema taratibu, bila hasira:
"Shemeji, siku ile nililikausha kwa mikono yangu, nikidhani ni wewe uliyekufa nalo. Zipu yake ilikuwa imeng'oka."
Baba akanitazama mimi. Mimi! Nikasema nakwenda kupasha chai.
Naandika nimesimama jikoni. Chai imeshachemka, nimezima, nimewasha tena. Mgeni bado amekaa sebuleni. Koti hajalivua, namwona kupitia upenyo wa mlango. Baba ameinamisha kichwa.
Sasa nasikia zipu. Inapandishwa polepole, hadi shingoni.
Baba anasema, "Shemeji, lile koti lenyewe—"